Sheikh al-Amin Mazrui: Tuige nini, tuache nini?

Pita Old Town jioni ujionee. Kijana amevaa kanzu, miguuni raba za Kimarekani, mkononi simu ya Kichina. Mmoja anaota kusoma New York, mwenzake Beijing. Huyu anasifu uhuru wa kila mtu kujiamulia, yule anasifu nidhamu na heshima kwa wakubwa. Ubishi hauishi.

Lakini ubishi huu si mpya hapa kisiwani. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliuingia karibu miaka mia iliyopita.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Wamazrui uliotawala mji huu hadi 1837. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Baadaye alivuka hadi Zanzibar kusoma kwa Sheikh Ahmad bin Sumait.

Alikua mji ukibadilika mbele ya macho yake. Mwaka 1895 Mwingereza akaishika pwani, na 1896 reli ikaanza kujengwa. Kukaja ofisi mpya, shule mpya, mavazi mapya. Wazee wengi wakasusa kila kitu cha Mzungu. Vijana nao wakaiga kofia, suruali, dansa na hata pombe.

Sheikh hakukubaliana na upande wowote. Alikuwa akisoma jarida la al-Manar kutoka Misri, na fikra za kina Muhammad Abduh zilimwingia. Kwa maoni yake, nguvu ya Wazungu haikutoka kwenye suruali. Ilitoka kwenye elimu, umoja na bidii ya kazi. Watu wa pwani wakaokota maganda, tunda wakaliacha.

Hakuishia kunung'unika barazani. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na 1932 gazeti la al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Zama hizo maulamaa wengi waliandika Kiarabu tu, lakini yeye alitaka hata mtu wa kawaida aelewe. Aliandika kuwa wasichana nao wasomeshwe, na akakemea mila alizoona hazina msingi katika dini. Hayo hayakumfurahisha kila mtu. Ukiwaambia wazee kuwa wamelala na vijana kuwa wamepotea, nani atakupigia makofi?

Mwaka 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Hebu fikiria: mtu aliyewaonya watu wasimezwe na Mwingereza, akifanya kazi ndani ya serikali ya Mwingereza! Makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, kilichotoka 1944. Alifariki 1947.

Alimwacha mwanawe Ali, kijana wa miaka 14 hivi. Ali alikwenda kusoma Uingereza na Marekani, akawa profesa wa kutajika duniani, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Marekani. Alipofariki 2014 alirudishwa nyumbani, akazikwa kwenye makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus.

Leo reli mpya ya Mombasa imejengwa na Wachina, na sinema tunazotazama ni za Wamarekani. Ukisikia tena wenzako wakibishana nani bora kati ya hao wawili, waulize swali la Sheikh: umechukua tunda, ama ganda?