Zelter, fundi mwashi aliyeongoza korali

Katika korali zetu mwashi, mama wa sokoni na mwalimu wa shule wanasimama mstari mmoja, na hakuna anayelipwa. Carl Friedrich Zelter angejisikia nyumbani kati yao. Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1758. Baba yake alikuwa fundi mwashi, akataka mtoto afuate kazi hiyo, naye akaifuata mpaka akawa fundi mkuu mwaka 1783. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye muziki. Ili ajifunze kutunga nyimbo, alikuwa akienda kwa miguu mpaka Potsdam, karibu kilometa 30, kwa mwalimu Fasch, mpiga kinanda wa mfalme.

Mwaka 1791 Fasch alianzisha Berlin kikundi kidogo cha waimbaji, wanaume na wanawake pamoja, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule. Wengi hawakuwa watu wa kazi ya muziki. Walianza kukutana nyumbani kwa mtu, wakiimba nyimbo takatifu. Kikundi kikaitwa Sing-Akademie. Zelter aliingia kama mwimbaji tu, na humo alikuwepo Juliane Pappritz, ambaye alimwoa mwaka 1796. Fasch alipokufa mwaka 1800, uongozi ulipewa fundi mwashi, akaushika miaka 32.

Alikuwa mtu wa maneno makali, lakini rafiki wa kweli. Mwaka 1812 mtoto wake wa kambo alijiua. Katika uchungu huo alimwandikia Goethe, mshairi mkubwa wa nchi yake. Goethe alipojibu, aliacha ile heshima ya mbali akamsemesha kama ndugu. Sisi tuliosoma Kifaransa tunaelewa uzito wa kutoka kwenye vous kwenda kwenye tu, hasa siku ya msiba.

Mwaka 1820 waliingia katika korali Felix Mendelssohn, mwenye miaka 11, na dada yake Fanny, wote wawili wanafunzi wa Zelter. Zelter alikuwa amewafundisha waimbaji wachache vipande vya Mateso ya Yesu kufuatana na Matayo, kazi ya Bach, aliyekufa mwaka 1750. Mbele ya watu wote hakuthubutu. Aliona ni kazi ngumu mno.

Mapema mwaka 1829 Felix na rafiki yake Devrient walibisha mlangoni kwake, wakaomba korali waiimbe yote. Mzee alikasirika, akawakemea kama watoto. Felix alitaka kuondoka. Devrient akang'ang'ania, na mwishoni mzee akakubali. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Wangapi kati yetu viongozi wa korali tungempa kijana wa miaka 20 waimbaji wetu, ili afanye lile tulilolishindwa?

Tarehe 11 Machi ukumbi ulijaa, na wengine wakakosa nafasi. Wakarudia tarehe 21, siku ya kuzaliwa kwa Bach. Kisha Felix akasafiri kwenda Uingereza. Siku ya Ijumaa Kuu waimbaji walisimama tena kuimba kazi ileile, na aliyewaongoza alikuwa Zelter mwenyewe, mzee wa miaka 70.

Goethe alikufa tarehe 22 Machi 1832. Zelter alimfuata tarehe 15 Mei, kabla ya miezi miwili kutimia.