Maurice Richard: Nyota wa hoki ambaye marufuku yake ilizua ghasia Montreal

JINA la Maurice Richard huenda likawa geni masikioni mwa Wakenya wengi, kwa kuwa mchezo uliompa umaarufu huchezwa juu ya barafu, katika nchi ambako mito huganda kila msimu wa baridi. Lakini nchini Kanada, na hasa katika jimbo la Quebec ambako wakazi wengi huzungumza Kifaransa, jina hilo lingali linatajwa kwa heshima kuu miaka mingi baada ya kifo chake.

Richard ndiye mchezaji wa kwanza wa Ligi ya Taifa ya Hoki, NHL, kufunga mabao 50 katika msimu mmoja, na wa kwanza kufikisha mabao 500. Ndiye pia aliyempiga mwamuzi ngumi mnamo Machi 1955, akapigwa marufuku wakati ambapo timu yake ilimhitaji zaidi, na adhabu hiyo ikazua ghasia ambazo wanahistoria wa Kanada hawajakoma kuzijadili.

Alizaliwa Agosti 4, 1921 jijini Montreal, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Wazazi wake, Onésime na Alice, walikuwa wamehamia jijini kutoka eneo la Gaspé, mashariki mwa Quebec. Baba alifanya kazi katika kampuni ya reli. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipotokea, alifutwa mwaka wa 1930 na familia ikaishi maisha ya dhiki hadi aliporejeshwa kazini miaka sita baadaye.

Maurice alianza kuteleza barafuni akiwa na umri wa miaka minne hivi. Alipofika miaka 16 aliacha shule na kujiunga na babake kiwandani, akifanya kazi ya kuendesha mitambo mchana na kucheza hoki jioni. Vijana wengi wa Kifaransa wa kizazi chake walipitia njia hiyo hiyo. Viwanda, benki na maduka makubwa ya Montreal yalimilikiwa kwa wingi na watu wa lugha ya Kiingereza, ilhali Wafaransa, ambao ndio waliokuwa wengi jijini, walikuwa vibarua na makarani.

Mwanzo wake katika mchezo haukuwa wa kutia moyo. Alivunjika kifundo cha mguu, kisha kifundo cha mkono, akiwa bado katika timu za chini. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alijitolea kuwa mwanajeshi lakini akakataliwa kwa sababu ya majeraha hayo. Alipopata nafasi katika klabu ya Montreal Canadiens mnamo 1942, alicheza mechi 16 pekee kabla ya kuvunjika mguu. Baadhi ya watu walianza kunong'ona kwamba mifupa yake haikuumbwa kwa ajili ya mchezo huo.

Msimu uliofuata aliwafumba midomo. Mkewe Lucille alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, msichana mwenye uzani wa ratili tisa, naye Richard akaomba abadilishiwe jezi kutoka nambari 15 hadi nambari 9. Kocha Dick Irvin alimweka safu moja na Elmer Lach na Toe Blake, na watatu hao wakawa tishio kwa kila kipa wa ligi. Katika mechi ya mchujo dhidi ya Toronto, Machi 23, 1944, Canadiens walishinda 5-1 na mabao yote matano yakatiwa kimiani na Richard. Mwaka huo walitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo.

Msimu wa 1944-45 alifunga mabao 50 katika mechi 50, rekodi ambayo haikufikiwa na mchezaji mwingine hadi Mike Bossy alipoifikia mnamo Januari 1981. Wenzake walimpa lakabu ya Roketi kutokana na kasi yake alipokaribia lango. Wapinzani walikumbuka zaidi macho yake, ambayo makipa wengi walisema yaliwaka kama makaa.

Hata hivyo, sifa hizo zilikuja na gharama. Hoki ya barafuni ni mchezo wa kukumbana. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, huteleza kwa viatu vyenye vyuma vyembamba mfano wa visu, wakikimbiza kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Sheria huruhusu kumkumba mpinzani kwa bega na kumbamiza ukutani. Anayevuka mpaka hutolewa nje kwa dakika kadhaa, na mara nyingi timu yake hubaki pungufu.

Kwa kuwa Richard hangeweza kuzuiwa kwa ufundi, makocha wa timu pinzani walimtumia wachezaji wa kumchokoza. Walimkaba, wakamng'ang'ania jezi, wakampiga kwa magongo na kumtusi kwa sababu ya lugha yake. Naye hakuwa mtu wa kugeuza shavu la pili. Hadi alipostaafu alikuwa ameadhibiwa kwa jumla ya dakika 1,285 katika mechi 978 za ligi.

Ustahimilivu wake wa maumivu nao ulikuwa wa ajabu. Aprili 8, 1952, katika mechi ya saba ya nusu fainali dhidi ya Boston Bruins, aligongwa akapoteza fahamu. Alishonwa jeraha la uso, akarejea uwanjani akiwa angali na kizunguzungu, na akafunga bao la ushindi.

Lakini hasira, hasara. Mwaka wa 1951 alimkaba refa Hugh McLean katika hoteli moja jijini New York, akatozwa faini ya dola 500. Mnamo Januari 1954, katika makala aliyokuwa akiandikia gazeti moja la Kifaransa, alimshutumu rais wa ligi, Clarence Campbell, kuwa dikteta anayewaonea wachezaji wa Kifaransa. Alilazimika kuomba radhi na kuacha kuandika. Mnamo Desemba mwaka huo alimpiga msaidizi wa refa kwa glavu jijini Toronto. Faini ilikuwa dola 250.

Campbell naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa wakili aliyesomea pia Oxford, aliwahi kuwa refa wa ligi, na baada ya vita alikuwa miongoni mwa waendesha mashtaka wa Kanada dhidi ya wahalifu wa kivita wa Ujerumani. Aliongoza ligi kuanzia 1946. Ofisi zake zilikuwa Montreal, na machoni mwa Wafaransa wengi alikuwa sura ya mabwanyenye waliowatawala katika jiji lao wenyewe.

Mambo yalifikia kilele Machi 13, 1955 jijini Boston. Zilisalia mechi chache tu msimu umalizike, na Canadiens walikuwa wakikabana koo na Detroit Red Wings kileleni mwa jedwali la ligi iliyokuwa na timu sita pekee. Richard mwenyewe aliongoza orodha ya alama za wachezaji, taji ambalo hakuwa amewahi kulinyakua.

Katika mechi hiyo, Hal Laycoe wa Boston, aliyewahi kuichezea Canadiens pamoja naye, alimgonga kwa gongo kichwani na damu ikamtiririka. Baadaye alishonwa nyuzi tano. Richard alimwendea na kumpiga kwa gongo lake. Msaidizi wa refa, Cliff Thompson, alipojaribu kumshika, Richard alichomoka, akaokota gongo jingine na kuendelea kumwandama Laycoe. Thompson alipomshika tena, Richard aligeuka na kumpiga ngumi mbili. Polisi wa Boston walitaka kumkamata kwenye chumba cha wachezaji, ila kocha Irvin akawazuia mlangoni.

Siku tatu baadaye Campbell alisikiliza kesi hiyo ofisini mwake. Richard alijitetea kwamba alikuwa amepigwa kichwani, akachanganyikiwa, na akamdhania mwamuzi kuwa mchezaji wa Boston. Utetezi huo haukukubaliwa. Campbell aliamua kwamba Richard hangecheza mechi tatu zilizosalia za ligi wala mechi yoyote ya mchujo wa kuwania Kombe la Stanley. Laycoe, aliyeadhibiwa uwanjani siku ya mechi, hakupigwa marufuku.

Habari hizo ziliitikisa Montreal. Simu za lawama na vitisho zilimiminika katika ofisi za ligi. Kesho yake, Machi 17, Canadiens walikuwa wenyeji wa Detroit katika ukumbi wa Forum, na timu hizo zilikuwa sako kwa bako kileleni. Campbell alishauriwa asihudhurie. Alihudhuria.

Aliingia kipindi cha kwanza kikiendelea. Mashabiki walimrushia mayai, nyanya na takataka huku Detroit wakiongoza 4-1. Kijana mmoja alimfikia na kumshambulia. Muda mfupi baadaye kitoa machozi kililipuka ukumbini, na maelfu ya watu wakakimbilia milangoni wakikohoa. Mkuu wa idara ya zimamoto aliamuru ukumbi ufungwe, na Detroit wakapewa ushindi wa mezani.

Waliotoka walikutana na umati mwingine uliokuwa ukiandamana nje. Waandamanaji walivunja madirisha, wakapindua magari na kupora maduka katika barabara ya Sainte-Catherine hadi usiku wa manane. Makumi ya watu walikamatwa, makumi wakajeruhiwa, na hasara ikakadiriwa kufika dola 100,000. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi: wengi wa waliopoteza mali hawakuwa na uhusiano wowote na Campbell wala ligi yake.

Siku iliyofuata Richard aliketi mbele ya vipaza sauti na kuzungumza na wananchi kupitia redio na televisheni, kwa Kifaransa na Kiingereza. Aliwaomba watulie na kuiunga mkono timu, akaeleza kwamba ataipokea adhabu yake na kurejea msimu uliofuata. Jiji lilitulia. Mtu aliyeshindwa kuizuia hasira yake jijini Boston ndiye aliyefaulu kuizuia hasira ya maelfu.

Hata hivyo, Canadiens walilipa gharama kubwa. Detroit walimaliza ligi wakiwa na pointi 95 dhidi ya 93 za Montreal. Bernie Geoffrion, mwenzake Richard, alimpiku kwa alama moja tu katika orodha ya wachezaji, 75 kwa 74, na mashabiki wa timu yake mwenyewe wakamzomea kwa kosa la kufanya kazi yake vyema. Richard alistaafu bila kulipata taji hilo.

Katika mchujo, Canadiens waliwabandua Boston na kukutana na Detroit fainalini. Kila mechi ya fainali hiyo ilishindwa na timu iliyocheza nyumbani. Mechi ya saba ilichezewa Detroit, kwa kuwa ndio waliokuwa wameongoza ligi, na wenyeji wakashinda 3-1. Ni vigumu kuepuka hesabu hiyo. Lau Montreal wangemaliza kileleni, mechi hiyo ingechezewa Forum.

Je, Campbell alikosea? Wafuasi wa Richard walishikilia kwamba mchokozi aliachwa na aliyechokozwa akaadhibiwa, na kwamba ligi ilivuna pesa kutokana na ukatili ambao ilijifanya kuulaani. Kuna ukweli katika lalama hizo. Ila hakuna mchezo unaoweza kudumu ikiwa waamuzi wake hawana ulinzi, na Richard alikuwa ameonywa si mara moja. Kwa sababu ya adhabu hiyo alikosa mechi tatu za ligi na 12 za mchujo, jumla 15. Chini ya kanuni ambazo NHL ilizitunga baadaye, mchezaji anayempiga mwamuzi kwa kusudi la kumuumiza hufungiwa mechi zisizopungua 20. Uamuzi ulioonekana mwaka wa 1955 kuwa dhuluma ungeonekana mwepesi katika enzi zilizofuata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Richard alitimiza ahadi yake. Irvin aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Toe Blake, aliyemjua Richard tangu walipocheza safu moja na aliyeaminiwa kuwa angeweza kumtuliza. Henri, mdogo wake Richard, alijiunga na timu. Canadiens walitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960. Richard alikuwa nahodha katika misimu minne ya mwisho. Oktoba 19, 1957 alifunga bao lake la 500.

Alistaafu Septemba 1960 akiwa na mabao 544 na vikombe vinane. Mwaka uliofuata aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki bila kusubiri muda uliohitajika. Mwaka huo huo wa 1960, serikali mpya ya Quebec ilianza mageuzi yaliyowapa Wafaransa usemi katika elimu, uchumi na utawala wa jimbo lao. Wapo wanahistoria wanaoona ghasia za Forum kuwa cheche ya mapema ya mwamko huo. Richard mwenyewe hakupenda kuvishwa joho la siasa. Alisisitiza kuwa yeye alikuwa mchezaji wa hoki tu.

Maisha ya baadaye hayakuwa na vishindo. Alifanya biashara ndogondogo, na mnamo 1972 alikuwa kocha wa Quebec Nordiques kwa mechi mbili pekee kabla ya kung'atuka. Ukumbi wa Forum ulipofungwa Machi 1996, mashabiki walisimama na kumshangilia kwa dakika nyingi hadi machozi yakamlengalenga. Mnamo 1999 ligi ilianzisha tuzo yenye jina lake kwa mfungaji bora wa kila msimu. Ligi iliyomfungia ndiyo iliyoamua kumuenzi.

Alifariki kutokana na saratani Mei 27, 2000, akiwa na umri wa miaka 78. Zaidi ya watu 100,000 walipita mbele ya jeneza lake, na serikali ya Quebec ikamwandalia mazishi ya kitaifa, heshima ambayo haikuwahi kupewa mwanamichezo yeyote wa jimbo hilo kabla yake. Msafara wake ulipita katika barabara ya Sainte-Catherine, ile ile ambayo vioo vyake vilivunjwa kwa ajili yake miaka 45 awali. Safari hii watu walisimama kandokando wakimpigia makofi.