Hassan Fathy na Nyumba za Udongo

Msimu wa kaskazi unapowadia, nyumba nyingi mpya za visiwani mwetu hugeuka tanuu. Kuta za matofali ya saruji na paa la bati hulilimbika jua la mchana kutwa, na usiku wenye nyumba hutoa mikeka yao barazani kutafuta usingizi. Mwenye uwezo hununua mashine ya kupoza hewa, na asiye nao hupepea. Jambo hili lilimshughulisha mno Mmisri mmoja, Hassan Fathy, naye alilitumikia maisha yake yote. Twaona yafaa habari zake zijulikane kwa wananchi, na zaidi kwa wenzetu walioko katika afisi zinazopasisha ramani za majengo.

Fathy alizaliwa Alexandria mwaka 1900, katika jamaa ya watu wenye mashamba. Alihitimu usanifu wa majengo mjini Cairo mwaka 1926, na tangu 1930 akawa mwalimu wa fani hiyo. Alikuwa kijana wa mjini, aliyelijua shamba kwa masimulizi. Alipoliona kwa macho yake, hali ya vibanda vya wakulima ilimtia simanzi. Akajiuliza kwa nini mkulima, ambaye amesimama juu ya udongo usio na bei, asubiri saruji na chuma asivyoweza kuvinunua.

Vita Vikuu vya Pili vilipoadimisha mbao na chuma, suala hilo likawa la lazima. Kuta za udongo zilijengeka bila ya taabu. Tatizo lilikuwa paa. Fathy alijaribu kujenga paa la tao kwa matofali ya udongo, nalo likaporomoka. Ndipo nduguye alipomjulisha kuwa Wanubi wa kusini huezeka kwa udongo mtupu, bila ya kiunzi cha mbao. Mwaka 1941 alikwenda Aswan, na huko akawakuta waashi wakifanya hayo kana kwamba si kitu. Hulikandika tao la kwanza kwa mkono juu ya ukuta wa nyuma, kisha hupanga matofali mepesi, yenye majani makavu mengi, yakiuegemea ukuta huo, safu baada ya safu, kila moja ikiishika iliyotangulia. Chumba kimoja huezekwa kwa muda wa siku moja na nusu. Karibu na Luxor yako maghala ya mafirauni yenye mapaa ya namna hiyo, nayo yamesimama zaidi ya miaka 3,000. Basi Fathy hakuvumbua kitu. Alikwenda kwa wanaojua akawauliza, na kwa msomi wa zama zile hilo halikuwa jambo dogo.

Wala hakuridhika na sifa za mababu tu, bali alitaka kipimo. Mwaka 1964, mjini Cairo, vilijengwa vyumba vya majaribio, kimoja cha udongo na kingine cha zege. Kwa saa 24 joto ndani ya chumba cha udongo halikubadilika zaidi ya nyuzi 2, ambapo chumba cha zege kilifika nyuzi 36, kikaushinda hata upepo wa nje. Juu ya kuta nene aliongeza ua wa ndani, ambamo hewa baridi ya usiku hutuama hadi asubuhi, madirisha ya wavu wa mbao, na malkafu, yaani mnara unaoudaka upepo wa juu na kuuteremsha vyumbani.

Hata hivyo, jina lake limefungamana zaidi na kijiji kisichokamilika. Kale, watu wapatao 7,000 wa Gourna, ng'ambo ya Luxor, waliishi juu ya makaburi ya kale, na wengine wao wakipata riziki kwa kuuza vilivyomo. Baada ya wizi wa mchongo mmoja wa mwambani, Idara ya Mambo ya Kale iliamua kuwahamisha, na Fathy akapewa kazi ya kujenga kijiji kipya mwaka 1946. Alijenga msikiti, soko, shule, jumba la michezo na nyumba kadhaa, kila nyumba akitaka ilingane na jamaa itakayoikaa. Lakini malipo na vibali vilikwama katika makarani, na watu wenyewe hawakutaka kuhama. Kwa maelezo yake, tuta la maji lilitobolewa makusudi ili kijiji kigharikishwe. Kazi ilisita kabla ya muongo ule kwisha.

Wengi huwalaumu makarani, nao wanastahili sehemu yao. Sisi twaona lawama haiishii hapo. Wanakijiji walikuwa wakihamishwa kwa amri ya serikali, na uzuri wa nyumba hauondoi uchungu wa amri. Inasemekana pia kuwa makuba yale yaliwakumbusha makaburi ya mawalii. Fathy alipendelea hata kubakisha kisima badala ya mifereji ya nyumbani, ili wasichana wapate mahali pa kukutana; pengine aliyebeba mtungi angejibu vingine.

Baadaye alifanya kazi Ugiriki, akarejea kwao, na mwaka 1967 kijiji chake cha pili, Baris, katika jangwa la Kharga, kikakatizwa na vita. Kitabu chake juu ya Gourna, kilichochapishwa tena Marekani mwaka 1973, ndicho kilichomtangaza duniani. Tuzo kubwa zilimfikia mwaka 1980, naye akiwa mzee. Alifariki Cairo mwaka 1989.

Hatushauri Unguja na Pemba zijengwe kwa udongo wa Aswan. Jangwani hewa ni kavu na usiku ni baridi, hivyo ukuta mnene hufanya kazi yake. Kwetu hewa ni nzito, usiku haupoi sana, na masika huyeyusha udongo. Kwetu upepo ndio tegemeo, pamoja na kivuli cha upenu mpana. Tunayo chokaa, na jiwe la matumbawe la nchi kavu, na wako mafundi wanaovijua, ingawa mikoko yetu haistahimili tena kukatwa ovyo kwa boriti. Jaribio la Cairo halikuhitaji mamilioni. Idara inayohusika na ijenge vyumba viwili katika kiwanja kimoja, kimoja cha matofali ya saruji na bati, na kingine kwa mawe na chokaa, chenye paa refu na matundu yanayokabili upepo. Vipimajoto vitundikwe humo kuanzia Disemba hadi Machi, na hesabu zake zitangazwe kwa wananchi kabla ramani nyingine za nyumba za serikali hazijatiwa saini.