William Pitt Mzee

William Pitt Mzee (15 Novemba 1708 – 11 Mei 1778) alikuwa mwanasiasa wa Uingereza na waziri mkuu kuanzia mwaka 1766 hadi 1768. Mwanawe wa jina hilohilo alishika pia cheo hicho.

Mwaka 1763 serikali ilitoza ushuru wa shilingi 4 kwa kila pipa kubwa la pombe ya matofaa. Kwa kuwa wakulima wengi waliitengeneza nyumbani, maafisa wa ushuru walipewa ruhusa ya kuingia majumbani kukagua. Pitt alipinga hasa ruhusa hiyo: kwake hata kibanda cha maskini kilistahili heshima. George Grenville alimuuliza fedha itoke wapi basi. Swali lilikuwa la haki, maana madeni yalitokana na Vita ya Miaka Saba, aliyoiongoza Pitt mwenyewe. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1766.