Kosa la Speke na Funzo la Ziwa

Liko kosa la asiyejua, na liko kosa la asiyetaka kuambiwa. La kwanza husameheka, kwani hakuna azaliwaye na elimu. La pili ndilo liangamizalo. Maisha ya John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Mwanza mwaka 1858, yana makosa yote mawili, nasi twaona yafaa yakumbukwe na ndugu zetu wa visiwani pamoja na viongozi wa serikali.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei, 1827, na akiwa na umri wa miaka 17 akaingia jeshini huko India. Mwaka 1857 aliondoka pwani yetu pamoja na Richard Burton, wakisaidiwa na Sidi Mubarak Bombay, kwenda kuyatafuta maziwa makubwa ambayo Wanyamwezi na wafanyabiashara wa Kiarabu walikwisha kuyajua zamani. Mwezi Februari 1858 walifika Ujiji. Speke alivuka Ziwa Tanganyika, akarudi na habari kwamba mto Ruzizi unatoka ziwani kuelekea kaskazini. Burton alitumaini kwamba hicho ndicho chimbuko la Nile. Lakini walipofika Uvira mwezi Aprili, wenyeji waliwaeleza wazi kwamba maji ya Ruzizi huingia ziwani. Hivyo kosa hilo lilisahihishwa bila gharama: wenye nchi waliulizwa, wakasikilizwa.

Mwezi Julai Speke alimwacha Burton mgonjwa huko Kaze, ndiyo Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini. Tarehe 3 Agosti, 1858, akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza, aliliona ziwa hili. Alipima kimo chake kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akapata futi 3,740 hivi juu ya bahari. Vipimo vya leo vyasema futi 3,720. Basi hatuwezi kumwita mzembe.

Upungufu wake ulikuwa kwingine. Alikaa siku tatu hivi tu. Mtemi Mahaya alimpokea vema, lakini Speke hakupata mtumbwi wa kumvusha hadi Ukerewe. Ramani ya visiwa aliichora kwa macho na masimulizi, akaihesabu Majita kuwa kisiwa, hali ni bara. Mwenyeji mmoja mwenye sifa ya kusafiri sana alipoulizwa ziwa lakoma wapi, alijibu kwamba hakuna ajuaye, labda lafika mwisho wa dunia. Wako waliolicheka jibu hilo. Sisi twaliheshimu, kwa kuwa mtu huyo alitenga alichokijua na asichokijua. Speke hakutenga. Atazamaye kutoka vilima vya mawe vya Igogo huona ghuba tu, na ziwa zima lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Hata hivyo Speke alirudi Kaze akitangaza kwamba amekwisha kupata chimbuko la Nile.

Ajabu ni kwamba alisema kweli. Lakini kweli isiyo na ushahidi haina nguvu ya kumaliza ubishi. Burton aliikataa, na urafiki wao ukavunjika. Speke alirudi mwaka 1860 pamoja na James Grant, wakapita Karagwe kwa Rumanika na Buganda kwa Mutesa. Tarehe 28 Julai, 1862, Speke aliyaona maporomoko ambako Nile hutoka ziwani. Hata safari hiyo hakulizunguka ziwa, wala hakuufuata mto katika mapindi yake yote. Wapinzani wake wakapata la kusema. Tarehe 15 Septemba, 1864, siku moja kabla ya mjadala kati yake na Burton katika mji wa Bath, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Uchunguzi uliamua kwamba ni ajali. Alikuwa na umri wa miaka 37. Ni mwaka 1875 ndipo Henry Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua, na neno la Speke likathibitika.

Hilo lilikuwa kosa lake dogo. Kubwa liko katika kitabu chake cha mwaka 1863, ambamo alidai kwamba watawala wa nchi za maziwa ni watu wa asili ya Ethiopia, bora kuliko raia wao. Hakuwa na ushahidi ila sura za watu na dhana alizokuja nazo kutoka kwao. Kosa hilo halikupata wa kulisahihisha, maana liliwafaa wakubwa. Wakoloni walilikuza na kulifanya msingi wa utawala, hata katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila la kila mtu wa Rwanda katika kitambulisho chake. Hatusemi kwamba Speke aliyaua makabila. Walioua ni wengine. Lakini mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti hadi katika ziwa hili hili, na wavuvi wetu waliziona.

Funzo ni hili: kosa la kupima hurekebishwa na mpimaji mwingine, bali kosa linalolindwa na mamlaka hukua mpaka liue. Nasi wa ziwani twalijua hilo. Tarehe 21 Mei, 1996, Mv Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Tundu lilipotobolewa ili kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa ilitoka na meli ikazama. Mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha Mv Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia Ukara. Waliokufa walizidi 220. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wasimwone mwananchi wa mwaloni anayesema chombo kimejaa kuwa ni mkorofi, bali wamhesabu kuwa mpimaji mwenzao. Nanyi ndugu wa visiwani, msinyamaze kwa kumwogopa mwenye cheo, wala msipande chombo kilichojaa kwa kuhofia kuchelewa gulioni. Speke aliwauliza watu wa Uvira, akapona aibu ya Ruzizi. Raia wa nchi za maziwa hakuwauliza kama wao ni duni, na gharama yake ililipwa na vizazi ambavyo yeye hakuvijua.