Gary Gygax na Bei ya Nguvu

Ernest Gary Gygax alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 27 Julai 1938. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi, mpiga fidla aliyewahi kucheza katika orkestra kubwa ya mji huo. Mwaka wa 1946 familia ilihamia Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Gygax hakumaliza shule ya sekondari, na jeshini hakudumu kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu. Baadaye alipata kazi katika kampuni ya bima mjini Chicago. Kazi yake ilikuwa kupima hatari na kuiwekea bei. Tuikumbuke kazi hiyo, maana ndiyo aliyoifanya maisha yake yote, hata alipoacha bima.

Saa za mapumziko alicheza michezo ya vita ya mezani. Mwaka wa 1968 aliwaita wachezaji wenzake katika ukumbi mmoja wa Lake Geneva, na mkutano huo, Gen Con, ungali hai. Mwaka wa 1970 alipoteza kazi ya bima. Akawa fundi viatu nyumbani kwake ili alishe familia, na usiku akaandika kanuni za michezo. Mwishoni mwa 1972 Dave Arneson, kijana kutoka Minnesota, alimwonyesha mchezo wake ambamo kila mchezaji haongozi jeshi, bali mtu mmoja tu. Kutokana na wazo hilo wawili hao waliandika Dungeons & Dragons, uliotoka Januari 1974 katika nakala 1,000.

Kwa asiyeujua mchezo huo: watu huketi mezani, mmoja husimulia ulimwengu wa kubuni, wengine husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua jambo likiwa na mashaka. Kila mhusika huwa wa kundi fulani: mpiganaji, mchawi, kasisi. Kundi hilo nitaliita ngeli. Mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ataona sababu mara moja: ukishaipa nomino ngeli yake, viambishi vyote vya sentensi huifuata. Hapa pia, ukishachagua ngeli ya mhusika, silaha zake, mavazi yake, uhai wake na kasi ya kukua kwake hufuata.

Ngeli nyingi hazikuzaliwa mezani pa Gygax. Kasisi alitoka kwa Arneson: inasimuliwa kwamba mchezaji mmoja alikuwa amegeuka mnyonya damu mwenye nguvu kupita kiasi, ikabidi abuniwe wa kumkabili. Mwizi alitoka kwa wachezaji wa California. Mlinzi wa misitu alitungwa na mpenzi wa mchezo na kuchapishwa mwaka wa 1975 katika jarida la kampuni ya Gygax. Yeye alipokea ubunifu wa wengine, akauliza swali la mtu wa bima: nguvu hii italipiwa wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa kasi. Ili kufika ngazi ya pili, mwizi alihitaji alama 1,200 za uzoefu, kasisi 1,500, mpiganaji 2,000 na mchawi 2,500. Jibu la pili lilikuwa mapengo: mchawi havai vazi la chuma, na kasisi hashiki silaha yenye makali. La tatu lilikuwa wakati: mchawi huanza akiwa dhaifu kuliko wote, na akiishi muda mrefu huwapita wote. Kwa hiyo mizani ya Gygax haikuwa usawa wa nguvu. Kila mtu mezani alipaswa kuwa na saa yake ya kuhitajiwa na wenzake.

Jibu la nne halikufaulu vile. Paladini, shujaa mtakatifu wa mwaka 1975, alihitaji alama 17 za haiba. Kwa dadu tatu za kawaida, hiyo ni bahati ya mara 1 katika 54. Lakini uhaba humzuia asiyebahatika tu. Aliyebahatika huketi na paladini wake kila juma, na wenzake ndio wanaobaki kivulini.

Kosa la namna hiyo lilirudi mwaka wa 1985. Kampuni ilikuwa imelemewa na madeni, na Gygax akatoa kitabu Unearthed Arcana, kilichonunuliwa kwa wingi. Ndani yake mlikuwa na mpiganaji wa porini, aliyehitaji alama 6,000 kufika ngazi ya pili. Bei kubwa, lakini sehemu yake ilidaiwa kwa wengine: mhusika huyo alichukia uchawi, na katika ngazi za mwanzo hakukubali kuandamana na wachawi. Kwa hiyo udhaifu wake uliangukia rafiki aliyekuwa amechagua kuwa mchawi. Wachezaji wengi walilalamika kwamba mizani imevunjika.

Oktoba mwaka huohuo hisa nyingi za kampuni ziliangukia mikononi mwa Lorraine Williams. Gygax alikwenda mahakamani akashindwa, na mwaka 1986 akaondoka katika kampuni aliyoianzisha. Aliendelea kubuni michezo mingine, lakini hakuna uliofikia umaarufu wa ule wa kwanza. Alifariki Lake Geneva tarehe 4 Machi 2008, akiwa na umri wa miaka 69.

Kitabu kikuu cha wachezaji cha 1989, kilichotayarishwa bila yeye, kilimwacha nje mpiganaji wa porini. Katika toleo la 2000 alirudi, akiwa na bei mpya: hasira yake humpa nguvu mara moja tu kwa siku katika ngazi ya kwanza, kisha uchovu humshika yeye mwenyewe, na huanza maisha bila kujua kusoma. Mchawi aliye kando yake hadaiwi chochote. Anayetaka kutunga ngeli yake leo, kabla ya kuhesabu nguvu zake, na aulize kwanza ni nani mezani atakayezilipia.