Fritz Schlumpf: Tajiri wa sufu aliyeficha magari zaidi ya 400

Gari lililokufa na kuwekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba halikosi mtetezi. Mke anauliza litaondoka lini, majirani wanacheka kuona kuku ametaga kwenye kiti cha dereva, lakini mwenyewe anashikilia kwamba siku moja litanguruma tena. Likishindikana, angalau litatoa spea za kuokoa jingine.

Nchini Ufaransa aliishi mtu aliyeugua maradhi hayo kuliko wengi wa karne iliyopita. Aliitwa Fritz Schlumpf. Magari yake yalipona, lakini viwanda vilivyolipa gharama yake vilikufa.

Mtoto wa mji wa viwanda

Fritz alizaliwa mwaka 1906 huko Omegna, kaskazini mwa Italia, miaka miwili baada ya kaka yake, Hans. Baba yao alikuwa Mswisi. Mama yao, Jeanne, alitoka Mulhouse, mji wa viwanda katika jimbo la Alsace, na familia ilihamia huko watoto wakiwa bado wadogo. Baba alifariki mapema, na ndugu hao wakakua wakiwa karibu sana na mama yao.

Fritz aliingia katika biashara ya sufu, na mwaka 1935 akaanzisha kampuni pamoja na Hans. Mmoja baada ya mwingine, walinunua viwanda vya kusokota nyuzi, kikiwemo cha kijiji cha Malmerspach. Familia nyingi za eneo hilo zikawa zinaishi kwa mshahara wa ndugu hao wawili.

Kwa nini alitaka magari mabovu?

Katika jimbo hilo hilo la Alsace, mjini Molsheim, Ettore Bugatti alikuwa akitengeneza magari mepesi ya mashindano na mengine ya kifahari. Fritz aliyapenda tangu ujana wake, akanunua moja na kushindana nalo. Ettore alifariki mwaka 1947. Kiwanda chake kikadhoofika, na magari yaliyobaki duniani yakaanza kuzeeka bila kiwanda cha kuyahudumia.

Hapo ndipo gari bovu linapopata thamani. Gari ambalo halitengenezwi tena halina spea dukani. Gia ikivunjika, fundi ana njia mbili: kuchonga nyingine kwa mkono, kazi ya gharama kubwa, au kuitoa kwenye gari la aina ile ile lililokwisha kufa. Kwa sababu hiyo, mwenye gari moja la kale hutafuta la pili, hata kama limeliwa na kutu. Mawili yasiyotembea yanaweza kuzaa moja linalotembea.

Fritz alifanya hivyo kwa kiwango cha kitajiri. Katika miaka ya 1960 aliwaandikia barua wamiliki wa Bugatti katika nchi mbalimbali, akiomba kununua. Mwaka 1963 alinunua magari ya kiwanda chenyewe cha Molsheim pamoja na spea. Mwaka 1964 alinunua Bugatti 30 kwa mpigo kutoka kwa mkusanyaji mmoja wa jimbo la Illinois, Marekani, kwa dola 85,000. Mengi yalikuwa yamehifadhiwa vibaya. Yalipakiwa kwenye mabehewa ya treni, kisha yakavushwa bahari hadi Ulaya.

Karakana ya siri

Magari hayo yalipelekwa katika jengo la kiwanda cha zamani mjini Mulhouse. Humo Fritz aliajiri mafundi wa injini, bodi, mbao na ngozi, nao walitakiwa kufunga midomo. Gari lilivunjwavunjwa, kutu ikaondolewa, kipande kilichooza kikachongwa upya, kisha likaunganishwa na kupakwa rangi.

Jengo liligeuzwa kuwa makumbusho ya kumuenzi mama yake. Zilisimikwa mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja maarufu la Paris. Lakini milango haikufunguliwa kwa umma. Waliobahatika kuingia walikuwa wageni wachache tu.

Siku mlango ulipovunjwa

Miaka ya 1970 ilikuwa migumu kwa viwanda vya nguo barani Ulaya. Viwanda vya Schlumpf navyo viliyumba, huku fedha nyingi zikiwa zimekwenda kwenye magari. Mwaka 1976 wafanyakazi walianza kupoteza kazi. Walipowazingira ndugu hao katika nyumba yao ya Malmerspach, Fritz na Hans walikimbilia Basel, Uswisi.

Tarehe 7 Machi 1977, wafanyakazi waliingia kwa nguvu katika jengo la Mulhouse. Watu walioambiwa kwamba kampuni haina fedha walijikuta mbele ya mamia ya magari yanayong'aa. Katika hasira, gari moja dogo ambalo halikuwa limekarabatiwa, aina ya Austin 7, lilichomwa moto. Mengine hawakuyaharibu. Walilikalia jengo kwa takriban miaka miwili na kuruhusu umma kuingia kutazama, wakijua kwamba magari hayo ndiyo mali pekee ya kudai haki yao.

Mwaka 1978 baraza la juu la serikali ya Ufaransa liliyatangaza magari hayo kuwa urithi wa taifa, ili yasitawanywe. Mwaka 1981 yaliuzwa kwa chama kilichoshirikisha mji wa Mulhouse, na mwaka 1982 makumbusho yakafunguliwa rasmi.

Kilichobaki

Hans alifariki mwaka 1989, na Fritz mwaka 1992 huko Basel. Fritz hakurudishiwa makumbusho yake, ingawa leo yana jina la Schlumpf. Humo limo pia gari moja la fahari aina ya Bugatti Royale lililoundwa upya kwa kutumia spea halisi alizozikusanya.

Na yale ambayo mafundi hawakuwahi kuyafikia? Mahakama iliamua mjane wake apewe magari 62 ya akiba. Mwaka 2008 yalinunuliwa na mkusanyaji wa California, ambaye baadhi yake aliyaonyesha na kutu yake, bila kuyagusa.

Kwa hiyo mwenye gari juu ya mawe hajakosea kuona thamani pale wengine wanapoona chuma chakavu. Fritz Schlumpf naye hakukosea katika hilo. Alichosahau ni kwamba kila gari alilolifufua lililipiwa na jasho la watu waliokuwa hai, na wao ndio waliovunja mlango kuja kuona lilikokwenda.